Hatua tano za mweka hazina

Jumamosi ya kikoba huwa nafika Buguruni nusu saa kabla ya kikao. Akina mama wakishaniitikia shikamoo, nauliza swali moja: nani kabadilisha simu? Mwenye Android namtumia WhatsApp kiungo cha programu niliyotengeneza ya hesabu za kikoba, inayofunguka ndani ya kivinjari; anafungua, kitufe cha kusakinisha kinatokea, anabonyeza, basi. Mwenye iPhone, yenye kivinjari kiitwacho Safari, nakaa naye mkekani.

"Fungua Safari, mama. Bonyeza kile kisanduku chenye mshale unaotazama juu. Shuka chini. Endelea kushuka. Hapo penye alama ya kujumlisha, bonyeza. Sasa malizia kule juu kulia."

Natamani nimwekee kitufe kimoja kikubwa cha kijani, lakini siwezi. Chrome ya Android humruhusu mtengenezaji kuita dirisha la kusakinisha. Safari ya iPhone haitoi nafasi hiyo.

Na aikoni ya programu, ambayo hatua zile huiweka kwenye skrini ya mwanzo, si pambo. Tangu 2020, Safari hufuta data ambayo tovuti imeihifadhi ndani ya simu, zikipita siku 7 za kutumia kivinjari bila mtu kuigusa tovuti hiyo. Lengo ni kuwazuia wanaotufuatilia kwa ajili ya matangazo, na lengo hilo naliunga mkono. Ila kikoba chetu hukutana kila baada ya wiki mbili. Hisa na faini alizoingiza mweka hazina bando likiwa limekata, zikawa bado zinasubiri mtandao, zinaweza kufutika kabla ya kikao kijacho. Programu iliyokwisha kuwekwa kwenye skrini ya mwanzo haiguswi na sheria hiyo. Ndiyo maana sichoki kukaa mkekani: hatua tano zile zinalinda jasho la watu.

Arifa nazo ni hivyohivyo. Chrome ya Android ilianza kupokea arifa za tovuti 2015. Kwenye iPhone zilifika Machi 2023, na mpaka leo lazima aikoni iwepo kwanza.

Wengine hunishauri niwaambie watumie Chrome kwenye iPhone. Kwa miaka mingi kanuni za App Store, duka la programu la Apple, zimetaka kila kivinjari kitumie injini ya Apple yenyewe ya kuonyesha kurasa, WebKit, hadi Umoja wa Ulaya ulipolazimisha kulegezwa huko kwao 2024. Umebadilisha kanga tu, aliyeivaa ni yuleyule.

Halafu ikaja Februari 2024. Katika toleo la majaribio la iOS 17.4, mfumo wa iPhone, Apple iliziondoa programu hizi za skrini ya mwanzo kwa watumiaji wa Umoja wa Ulaya. Ilitaja usalama, ikataja pia kwamba wanaozitumia ni wachache. Watengenezaji walipiga kelele, na Machi 1 ikabadili uamuzi. Mimi neno hilo la uchache halijanitoka. Watakuwaje wengi, wakati mlango umewekwa chini kabisa ya orodha ambayo mtu hashuki mpaka ameelekezwa?

Kuweka programu App Store ni dola 99 kila mwaka, na kila toleo jipya hukaguliwa na Apple kwanza. Hizo fedha zingetoka mfuko wa jamii, ule wa misiba na wagonjwa. Sikuwahi hata kuwaomba.

Jumamosi iliyopita nilichelewa kwa sababu ya mvua. Nilipoingia, mweka hazina alikuwa ameinamia simu ya mwenzake, kidole kiko juu ya kioo.

"Shuka, shoga. Shuka tena. Hapohapo."