Namba ndogo kwenye bloku

Corolla 110 ya shemeji yangu ilikuwa na ugonjwa mmoja: injini ikishapata moto na kushuka sailensa (inazunguka bila kukanyaga mafuta), taa ya oili inawaka. Nilibadilisha pampu ya oili, haikusaidia. Jumamosi nikaishusha injini, aina ya 5A-FE, na beringi za meni, zile zinazoshika krenki (shafti kuu ya injini), zikatoka zimelika hadi rangi ya shaba inaonekana. Hapo ndipo presha ya oili ilipokuwa ikipotelea.

Dukani Gerezani, Dar es Salaam, ushauri ulikuwa ule ule: "Fundi, chonga krenki, weka 0.25, umalizane nayo." Yaani krenki ipunguzwe mm 0.25, kisha iwekewe beringi nene zaidi. Mimi nilipima kwanza. Mikromita ilionyesha shingo zote za krenki, sehemu zinazokaa kwenye beringi, bado ziko ndani ya kipimo, hazina mikwaruzo wala uduara uliopotea. Kwa nini nichonge chuma kizima ambacho hakirudi tena?

Ila beringi "standadi" ya Toyota, ya krenki isiyochongwa, si moja, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Futa bloku, yaani mwili wa injini, kwa kitambaa chenye dizeli utaona namba, 1 hadi 3, kwa kila shingo. Krenki nayo ina zake, 0 hadi 2. Jumlisha: bloku 2, krenki 1, beringi ni namba 3. Shingo nne zangu zilitaka namba 3, moja ikataka 4. Duka la kwanza na la pili walikuwa na boksi lililoandikwa STD tu. La tatu wakanitolea nilizotaka.

Kufunga nilitumia siku nzima. Mgongo wa beringi unakaa mkavu kabisa, oili inapakwa upande wa krenki tu. Nusu yenye mfereji na tundu inaingia kwenye bloku. Kisha plastigeji: kiuzi cha plastiki unakilaza kwenye shingo, unafunga kepu, kifuniko kinachobana beringi, kwa nguvu ya Nm 60, unafungua, unasoma kilivyobonyea. Krenki usiizungushe hata kidogo kikiwa ndani! Nafasi inayotakiwa ni mm 0.015 hadi 0.033, nyembamba kuliko unywele. Zangu zote zilikaa humo.

Kila nilipomaliza kepu moja nilizungusha krenki kwa mkono. Ikianza kuwa nzito, unajua kepu ipi ya kufungua.

Kabla ya kuwasha nilitoa plagi, nikapiga stata mpaka taa ya oili ikazima. Jana jioni feni imewaka mara tatu, gari liko sailensa, na taa haijarudi.