Bastola ya Shemeji na Mtu Nisiyemjua

Shemeji yangu ni mmiliki wa silaha mwenye leseni, na tangu duka la jirani yetu livamiwe amekuwa akinihimiza nami niombe. Kujihami nyumbani kwangu, usiku, mlango ukivunjwa watoto wakiwa ndani, ni jambo nililoliwaza nikalimaliza. Linalonikosesha usingizi ni jingine, nalo yeye halioni kuwa tatizo: bastola ikishakuwa kiunoni, nitafanya nini nikimkuta mtu nisiyemjua akishambuliwa barabarani?

“Shemeji, na Westgate je?” ndilo jibu lake kila mara, akikumbusha jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi. Naelewa. Jumamosi ile ya tarehe 21 Septemba 2013, raia wenye leseni waliingia katika jengo lile pamoja na polisi wachache waliovaa kiraia, wakawatoa watu wengi kabla vikosi rasmi havijajipanga. Waliouawa na magaidi walikuwa 67. Bila raia wale wangekuwa wengi zaidi. Hata hivyo, Abdul Haji, ambaye sasa ni Seneta wa Garissa na ambaye picha yake akimwita mtoto wa kike akimbilie upande wake ilizunguka dunia nzima, alikuwa ameenda kumtafuta ndugu yake aliyenaswa ndani. Wageni aliwaokoa njiani. Tena pale adui alijitambulisha mwenyewe kwa kuwamiminia watu risasi. Na bado, waliojificha madukani waliogopa kuwafungulia milango waokoaji, kwa kuwa mtu mwenye bastola na fulana hana alama ya wema usoni, na ilipofika zamu ya vikosi rasmi, iliripotiwa kwamba kamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa kwa risasi za wanajeshi wetu wenyewe. Ikiwa wenye sare hawakutambuana, mimi mwenye shati la kazi nitatambuliwa na nani?

Mitaa ya Nairobi haina uwazi wa Westgate. Nikisikia kelele za “Mwizi!” na kuona watu kumi wakimpiga mmoja, huenda anayepigwa ni jambazi, huenda ni kijana aliyefananishwa, na huenda aliyepiga kelele ya kwanza ndiye mwizi. Nikiona wanaume wanne waliofunika nyuso wakimkokota kijana na kumwingiza katika gari lisilo na nambari, kama tulivyoona mara nyingi baada ya maandamano ya Juni 2024, je, hao ni watekaji, ni polisi, au ni vyote viwili kwa pamoja? Nikichomoa silaha nitakuwa nimejitosa katika ugomvi ambao sijui mwanzo wake, mbele ya watu ambao huenda wana silaha kunizidi.

Sheria haininyimi ruhusa. Kifungu cha 17 cha Kanuni za Adhabu za Kenya kinaliachia suala hili lote misingi iliyojengwa na hukumu za majaji wa Uingereza, na misingi hiyo inamlinda anayemtetea mwingine kama inavyomlinda anayejitetea. Mahakama zetu hurejea rufani ya Palmer kutoka Jamaika, iliyoamuliwa London mwaka 1971, ambapo majaji walikiri kwamba mtu aliyevamiwa hawezi kupima nguvu zake kama anayepima sukari kwenye mizani. Lakini nguvu zikipita kiasi, kinachobaki mara nyingi ni kosa la kuua bila kukusudia, ambalo kifungu cha 205 kinaruhusu adhabu ya hadi kifungo cha maisha. Jambazi aliyegeuka kukimbia si tishio tena, hata kama amebeba pochi ya mama wa watu. Na kabla ya hukumu kuna silaha iliyochukuliwa kuwa kielelezo, mawakili wa kulipwa, na duka langu lililofungwa.

Kisa kinachonirudia zaidi ni cha Marekani, mji wa Arvada, Colorado, tarehe 21 Juni 2021. Johnny Hurley alimpiga risasi mtu aliyekuwa ametoka kumuua askari polisi, kisha akaiokota bunduki ya muuaji huyo. Askari mwingine alipotokea, aliona mtu mwenye bunduki, akamuua. Mwendesha mashtaka aliamua kutomshtaki askari yule, kwa kuwa askari huyo aliamini kwa dhati kuwa anamkabili muuaji. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi, maana kinga ninayoitegemea mimi, ya kuhukumiwa kwa kile nilichokiamini wakati ule, ndiyo hiyohiyo itakayomkinga atakayeniua akidhani mimi ndiye jambazi.

Kuhusu ujambazi ndani ya matatu, basi dogo la watu 14, nitasema machache: mkono unatetemeka, kiti ni chembamba, na risasi inaweza kumpita niliyemlenga ikamfikia aliye nyuma yake. Isitoshe, majambazi wengi wangefurahia bastola kuliko simu.

Basi nimemjibu shemeji kwamba nitaomba leseni kwa ajili ya nyumba na duka, na kwamba mtu nisiyemjua nitamsaidia kwanza kwa kupiga 999, kwa honi ya gari, kwa kukariri nambari ya gari kama ipo, na kwa kumfikisha hospitali. Amesema hiyo ni njia ya heshima ya kupita kando. Pengine ana haki kwa kiasi fulani, maana muuaji akiendelea kuua mbele yangu kama ilivyokuwa Westgate, simu haitamzuia. Hapo nadhani ningefyatua, kisha bila kugusa silaha ya mtu yeyote ningeiweka yangu chini na kuinua mikono kabla askari wa kwanza hajafika.