Nani Analipa Tukijitolea Saadani

Pangani, Jumapili usiku

Nimevuka na pantoni ya jioni, vumbi la Bweni bado limo kwenye ushungi, na masikioni nasikia bado kelele za mkutano. Leo kikundi chetu cha kujitolea katika Hifadhi ya Saadani kimechagua viongozi huko kijijini Mkwaja. Mwenyekiti amebaki yule yule, mzee aliyeacha uvuvi baada ya mgongo kumgomea. Mweka hazina ni mama muuza dagaa ambaye hesabu zake anazipiga kichwani na hazijawahi kupishana na kikokotoo, namaanisha kikokotoo cha kawaida, si kile cha mafao kinachotunyima usingizi sisi walimu. Mimi wamenirudisha kwenye ukatibu. Wanasema ni kwa sababu ya mwandiko wangu. Nadhani ni kwa sababu hakuna mwingine aliyenyoosha mkono.

Kwa wasomaji wa mbali: Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara inayopakana na Bahari ya Hindi. Huku kwetu inaanzia kusini mwa Pangani na inashuka hadi Mto Wami, karibu na Bagamoyo. Ilikuwa pori la akiba tangu 1969, ikawa hifadhi ya taifa 2005, ikiwa imeunganishwa na eneo la iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja pamoja na msitu wa Zaraninge. Ni zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Kuna tembo, twiga, nyati, tohe wengi, palahala wachache, viboko na mamba mtoni, na pwani ya Madete kuna kasa wanaopanda kutaga. Serengeti ina sifa zake na siibishii. Lakini Serengeti hupati harufu ya chumvi na dagaa wa kukaanga huku twiga akikutazama.

Kazi yenyewe ya kujitolea haina makuu. Tunaokota plastiki zinazoletwa na maji, tunang'oa miche ya mwarobaini, tunawapeleka wanafunzi kuona, na msimu wa kasa tunapita ufukweni alfajiri kutafuta viota. Kasa jike akipanda usiku huacha mburuzo mchangani kama wa tairi la trekta. Ukiuona, unaufuata hadi alipochimba. Kama ametaga chini ya alama ya maji ya bamvua, yale yanayojaa juu kuliko siku nyingine, mayai yale, ambayo mara nyingi yanapita mia, yanahamishiwa juu zaidi mapema, ndani ya saa chache, bila kuyapindua. Kiini kikishajishika kwenye ganda, ukiligeuza yai umekiua. Halafu mnasubiri siku 50 hadi 60, mkiomba nguruwe, nyegere na binadamu wenzenu wasikione kiota.

Basi leo ajenda ya kwanza ilikuwa ratiba ya doria hiyo, na dakika tano hazikupita tukawa kwenye posho.

Alisimama kijana wa bodaboda, mmoja wa wale tunaowategemea sana. Alianza kwa adabu zote. "Mwenyekiti, shikamoo. Mama katibu, shikamoo. Mimi nina swali dogo tu. Askari wa hifadhi analipwa mshahara. Mgeni analipa getini, analipa na hoteli. Mimi natembea Madete kwa tochi yangu, mafuta yangu, na abiria wa asubuhi nawakosa. Sasa hapo faida ni ya nani?"

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alijibu kama wazee wanavyojibu, kwamba urithi ni wa wajukuu, na kwamba enzi zao walijenga shule kwa mikono bila kuuliza. Ni kweli walijenga. Lakini niliwatazama akina mama waliokaa kwenye mkeka nyuma, hakuna aliyeitikia kwa kichwa.

Hili jambo nimelizungusha kichwani njia nzima kutoka Mkwaja, Kipumbwi hadi Mwera. Tumezoea kusema anayejitolea anafanya kazi bure. Si kweli hata kidogo. Kila zamu ya Madete ina mtu anayeilipia, na mara nyingi si yule aliyetajwa kwenye daftari la mahudhurio.

Nieleze kwa mfano wa nyumba moja, bila jina. Baba wa nyumba hiyo ni hodari, hakosi zamu. Kilele cha kasa huku ni masika na miezi inayofuata, wakati huo huo mahindi yanaanza kukomaa na nguruwe pori wanaingia mashambani usiku. Mlinzi wa shamba ndiye yeye. Anapokuwa ufukweni, mkewe ndiye anayekaa kwenye dungu akipiga debe hadi kukuche, mtoto mgongoni. Asubuhi mimi naandika kwenye daftari: fulani, amehudhuria. Mkewe simwandiki popote. Siku yule baba alipoanza kukosa, wenzake walimwita mvivu. Mweka hazina wetu ndiye aliyekwenda nyumbani kwao na kurudi na jibu: mahindi ya mwaka ule yaliliwa robo tatu, na ndoa nayo ilikuwa inakaribia kuliwa.

Tangu hapo naamini uongozi wa watu wa kujitolea uko hapo zaidi kuliko kwenye hotuba. Huna mshahara wa kumkata mtu, huna barua ya kumwonya. Asipotaka kuja, haji. Unachoweza ni kujua kila anayekuja ameacha nini nyumbani, na kupanga mambo ili alichoacha kisiteketee. Mama muuza dagaa analijua hilo bila semina. Nani ana mgonjwa, nani ana deni la vikoba, nani mkewe amejifungua juzi, yote anayo. Mwenyekiti anajua bahari na mwezi, anakwambia bila kutazama kalenda lini maji yatakuwa ya bamvua na lini maji mafu, yasiyopanda sana. Mimi najua kuandika. Kikundi kinasimama kwa hao wawili, na mimi nawafungia mafaili.

Kuhusu fedha zenyewe, sina msimamo wa kitakatifu. Kuna wafadhili walikuja miaka ya nyuma na fulana, kofia, bango kubwa na bahasha za posho ya kikao. Ufukwe ulijaa watu siku hiyo, tukapigwa picha. Baada ya bahasha kuisha, kwa muda mrefu kila nikipiga simu naulizwa, "Katibu, hiki kikao kina chochote?" Posho ya kukaa kitini iliua moyo kuliko ukosefu wa posho. Lakini upande wa pili, kule Mafia mradi wa kasa ulioanza 2001 ulikuwa ukimpa fedha kidogo anayeripoti kiota, na nyongeza kwa mayai yaliyoanguliwa salama. Hiyo ni habari nyingine. Hapo mtu halipwi kwa kusaini karatasi, analipwa kwa kasa aliyefika baharini, na yule aliyezoea kuchimba mayai ale anapata sababu ya kuyaacha. Mafuta ya pikipiki na betri za tochi nazo ni gharama, hazigeuki kuwa uchoyo kwa kuwa mdaiwa ni hifadhi.

Nilipokuwa nasoma mambo ya hifadhi za wenzetu nilikutana na George Dorr wa Marekani. Huyu bwana tajiri wa kurithi alitumia miaka mingi akiwashawishi majirani zake watoe ardhi, naye akinunua nyingine, hadi 1916 ikatangazwa hifadhi ambayo leo inaitwa Acadia, huko Maine, pwani kama kwetu. Akawa msimamizi wake wa kwanza kwa mshahara wa dola moja kwa mwezi. Alifariki 1944, mali yake karibu yote imekwishia humo. Wanamsifu, na anastahili. Ila nilipomaliza kusoma nilicheka peke yangu: dola moja kwa mwezi anaiweza mwenye urithi. Mtu wa Mkwaja akianza kufanya hivyo, kufikia Ramadhani watoto wanafutari maji.

Sitaki nieleweke kwamba hifadhi haina maana kwetu, au kwamba tungekaa tu. Ukitaka kuona pwani isiyo na wa kuisimamia, panda ngalawa hapa Pangani uelekee Maziwe. Kile kilikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje, na kasa walikuwa wakipanda kutaga kwa wingi. Kilitangazwa hifadhi 1975. Miti ilikuwa inakatwa, mawimbi yakala mchanga, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa hakipo tena. Limebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linazama. Kasa bado wanarudi kutaga pale pale. Watu wa Ushongo huyafuata mayai kwa mashua, wanayapanga kwa uangalifu na mchanga wake, wanayaleta kuyafukia ufukweni kwao. Mtu aliyeweka yai la kasa kifuani kwenye mashua inayoyumba huwezi kumwambia uhifadhi ni mambo ya wazungu.

Na hakuna anayefikiri kiongozi wa kujitolea anapendwa. Kijijini wanakuona pandikizi la hifadhi, hifadhini wanakuona msemaji wa wavamizi. Mipaka huku ina historia ya uchungu. Uvinje, upande wa kijiji cha Saadani, mgogoro wa ardhi umejulikana nchi nzima. Mimi siamini kwamba kuipenda hifadhi ni kunyamazia hayo. Mwenyekiti wetu ana namna yake: akienda ofisini kwa watu wa ujirani mwema, wale wa hifadhi wanaoshughulika na vijiji, anapeleka kwanza malalamiko ya kijiji, kisha ndipo anaulizia kazi ya kufanya. Akirudi kijijini, anaanza na sheria ya hifadhi, kisha majibu ya malalamiko. Kote kote anaanza na lile wasilotaka kulisikia. Nimekaa naye miaka, hilo bado linanishinda. Mimi huanza na salamu ndefu.

Niliwahi kumwona akishindwa mara moja tu, na aliyemshinda ni mti. Wahifadhi walipotuomba tusaidie kung'oa mwarobaini ndani ya hifadhi, alikataa katakata. "Mwanangu, wajukuu zangu wote nimewaogesha kwa majani yake. Leo niende kuung'oa?" Na kweli, nani pwani hii hana mwarobaini uani? Lakini mti huo ni mgeni kutoka Bara Hindi, ndege na nyani wanakula matunda yake na kutawanya mbegu, na Saadani umeshaingia vichakani na kusonga miti ya asili. Hakuna aliyebishana naye. Bi mkubwa mmoja, mkunga wa zamani, alimchukua wakaenda kutazama. Waliporudi hakusema lolote, aliomba panga tu. Wa uani kwake upo palepale, na hakuna aliyemgusia.

Narudi kwenye mkutano. Swali la kijana halikupata makofi ya pili, lilipata kazi. Mama muuza dagaa alisimama akasema, "Nyie mnabishana bahasha. Mimi nataka kujua nani atalala dunguni." Akapendekeza zamu zisipangwe kwa mtu mmoja mmoja bali kwa nyumba mbili mbili: nyumba moja ikitoa mtu Madete, nyingine inalinda mashamba yote mawili, wiki inayofuata wanabadilishana. Jina la anayelinda shamba liandikwe daftarini sawasawa na la anayetembea ufukweni. Usiku wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapopanda juu kabisa, tuongeze watu, maji mafu tupunguze. Wenye pikipiki walipwe mafuta kutoka mfuko wa kikundi kwa risiti, si kwa maneno. Na ofisi ya hifadhi tuiombe kuja kusaidia uzio wa pilipili na oili chafu kwenye mashamba yanayosumbuliwa na tembo, kwa sababu hao hawaogopi debe.

Akina mama wa mkekani ndio waliokuwa wa kwanza kunyoosha mikono. Mmoja alitaka jina lake liandikwe hapo hapo, mbele ya mumewe, na herufi zote zisomeke. Kijana wa bodaboda alikubali zamu mbili za bamvua linalokuja, kwa sharti kwamba Jumatatu, siku ya gulio, asiguswe. Nimeandika na hilo.

Nina maswali bado. Nyumba za wajane zinaoana na nani kwenye mpango huu? Mfuko wenyewe una fedha za mafuta ya wiki chache, labda. Na barabara mpya ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo ikikamilika, vijana hawa hawa watapata abiria wengi zaidi, na sijui nani atabaki wa kutembea alfajiri.

Kesho wakati wa mapumziko nitampigia mhifadhi wa ujirani mwema. Nina mambo mawili ya kumwambia, tochi na nguruwe. Salamu nitaifupisha, na nitaanza na nguruwe.