Sio mchwa huo, ni unyevu

Huku kwetu mbao ikilainika tu jibu ni moja, mchwa. Nyumba ya mjomba pale Mikindani ni zile za zamani za mawe na chokaa, imekaa kwenye mteremko kwa hiyo stoo ya chini nusu imo ardhini, na boriti zinazobeba sakafu ya juu vichwa vyake vimezama moja kwa moja ukutani. Ukifungua mlango unapokelewa na uvundo. Kila mwaka fundi anakuja na bomba lake anapuliza dawa ya mchwa, analipwa anaondoka, mvua zikipita boriti zinazidi kulegea.

Sasa mchwa ana alama zake bana. Anajenga njia za udongo ukutani, na mbao anaila kufuata nyuzi huku akiacha tope ndani. Pale hamna. Nilichukua bisibisi nikachoma boriti katikati, ikagoma kabisa, nikachoma pale inapoingia ukutani ikazama karibu yote, na kilichotoka ni vipande vya kahawia vimepasuka pembe nne pembe nne kama mkaa, ukivisaga na vidole vinakuwa unga. Huyo ni fangasi wa kuozesha mbao. Ule ukungu mweusi wa juu juu ni kitu kingine, unachafua na kubana kifua (mjomba ana pumu, hashuki kule) ila nguvu ya mbao hauimalizi, lakini ukiuona ujue unyevu unaomleta yule mwingine upo tayari.

Na fangasi shida yake ni maji tu. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 haiozi, hata kama mbegu zake zimejaa hewani, na zimejaa kweli. Ndo maana mambo ya kumwaga jiki ni kujichosha, inang'arisha juu, ndani haifiki. Oili chafu ndo usiseme, mbao imelowa unaipaka oili, si unafungia maji ndani?

Maji yenyewe yanajulikana yanakotoka. Gata la nyuma limetoboka, udongo umerundikana ukutani, halafu kubwa kuliko yote ni plasta ya saruji. Ukuta wa chokaa unanyonya maji na kuyatoa, watu wakaufunika na saruji ndani na nje ili upendeze, sasa maji hayana pa kutokea yanaishia kwenye vichwa vya boriti.

Kwa hiyo ni gata, kuchimbua udongo, kubandua saruji na kurudishia chokaa, kufungua vidirisha vya stoo vilivyozibwa na matofali, na magunia ya korosho yatoke ukutani yapande kwenye chaga. Boriti zilizooza zije baadaye, tena usikate hata moja kabla hujaegemeza sakafu kwa nguzo. Inakatwa kupita pale panapoonekana pameoza maana fangasi anatangulia ndani kabla hujamwona, na mpya iwe ya moyo wa mti wa mkongo, sio ile mbao nyeupe ya pembeni, kichwa chake kiachiwe nafasi ya hewa kisibanwe na ukuta.

Fundi anataka aanze na boriti kwa sababu ndo penye hela, mimi nimeshikilia gata, na mjomba mpaka leo yuko upande wa fundi.