Siku moja chini ya daraja: "Mnabandika selotepu?"

Saa 11:30 alfajiri tumeshafika chini ya daraja, chai ya rangi mkononi, tunasubiri boriti zikauke tuzibandike mikanda ya kuliimarisha daraja. Jana tulisaga zege kwa grenda mpaka kokoto zikaonekana (vumbi lake bado liko puani), lakini asubuhi za Dar es Salaam zina unyevu. Joto la zege lazima lizidi la umande (lile ambalo unyevu wa hewa huanza kuwa matone) kwa nyuzi 3, la sivyo gundi haishiki. Mhandisi anapima, anatikisa kichwa.

Saa 3 karuhusu. Tukafuta vumbi, tukakata mikanda ya nyuzi za kaboni, njia ikafungwa juu.

Saa 4 na ushee. Gundi ya epoksi ukishaichanganya, kwa joto hili una kama nusu saa. Niko juu ya jukwaa, nausukuma mkanda kwa rola kwenye tumbo la boriti, mara nasikia: "Mafundi! Mmetufungia njia kwa ajili ya selotepu?" Dereva wa lori la kokoto, kateremka mwenyewe. Mkanda una unene wa milimita 1.4, kwa macho ni selotepu kweli, ila kwa kuvutwa unaishinda nondo mara kadhaa. Nikamwambia, mzee, nondo nazo huchoka. Waya ukiukunja na kuukunjua hukatika bila nguvu. Kila lori likipita nyufa zinafunguka, nondo inavutwa, inaachiwa. Mkanda unapokea sehemu ya mvuto huo.

"Mbona napita hapa miaka yote na halijaanguka?"

Akataka mkubwa wetu. Mhandisi akaja na Uswisi yake, daraja la Ibach, lililoimarishwa 1991 kwa kilo 6.2 za kaboni mahali pa kilo 175 za chuma. Dereva akauliza kama Uswisi kuna malori ya kokoto. Saidia fundi wangu akabaki anasikiliza, na ndoo ya gundi ikapata moto yenyewe, ikafuka moshi, ikaganda. Gundi ya kuagiza nje!

Baada ya hapo saa sizijui. Shingo imekakamaa, wali nimekula nimesimama. Jioni tukagonga mkanda kwa sarafu kusikiliza hewa iliyonaswa ndani. Mlio wa utupu ukatoka karibu na ncha, mahali ambapo mkanda hupenda kuanzia kubanduka. Kukwangua, kubandika upya.

Malipo? Sawa na ya anayechanganya zege. Nimemwambia foremeni, kasema tutaongea Jumamosi.