Panya wa mifuko mashavuni na mbegu za mtama
Wakulima wenzangu wa Dodoma mnaopanda kwenye vumbi kabla ya mvua, mkikuta mashimo ya mbegu yamefukuliwa na hakuna hata ganda, msikimbilie kulaumu ndege. Kuna panya mdogo wa kijivu, mnene, mpole, mkia mfupi kuliko mwili (si panya buku). Hazili mbegu papo hapo. Anazijaza kwenye mifuko ya mashavu hadi kichwa kinavimba pande mbili, kisha anazipeleka ghalani kwake, shimoni au ndani ya kichuguu. Mifuko hiyo inafungukia ndani ya mdomo. Panya-kangaruu wa majangwa ya Marekani yake iko nje, ina manyoya.

Fukia mbegu sentimita 3 hadi 5 na ukanyage udongo. Zilizo juujuu ndizo huokotwa kwanza. Mtego utegwe jioni kando ya shimo, maana hutembea usiku. Chambo ni karanga zilizosagwa zikachanganywa na unga wa mtama, kiasi cha punje ya harage tu. Ukiweka mapema, sisimizi watakimaliza kabla ya giza. Asubuhi usimshike kwa mkono mtupu, hata akionekana mpole: mkojo wake unaweza kubeba magonjwa. Na sumu shambani hapana kabisa. Bundi anayemla naye anaweza kufa.