Gari la Umeme Katika Msimu wa Mgao

Wakala alinipigia simu asubuhi nikiwa ofisini Posta. "Dada, gari lako limeshashushwa, lipo yadi Kurasini. Ila njoo na fundi. Halifunguki, haliwaki, hata taa moja hakuna."

Ilikuwa Novemba 2023. Mvua za El Niño zilikuwa zimeshika Dar es Salaam, na mgao wa umeme ulikuwa unatusumbua tangu miezi michache nyuma. Katika msimu huo huo mimi, mhasibu ninayeishi Kimara na mama wa watoto watatu, nilikuwa nimeagiza gari la umeme kutoka Japani. Ndugu zangu waliuliza swali lile lile, kila mmoja kwa namna yake: utalichaji na nini?

Lilikuwa Nissan Leaf la mwaka 2018, kizazi cha pili, betri ya kilowati-saa 40. Nililichagua nikijua ninachofanya. Leaf zilianza kuuzwa Japani mwaka 2010, kwa hiyo kwenye minada ya kule zipo nyingi, bei inashikika, na ugonjwa wake unajulikana. Ugonjwa wenyewe ni joto. Betri ya Leaf la kizazi hicho haina mfumo wa kupozwa kwa maji kama walio nao wengi wa magari mengine ya umeme, inategemea upepo unaopita chini ya gari, na lililoishi kwenye joto kali kwa miaka linapoteza uwezo mapema. Ndiyo maana kabla ya kutuma hata shilingi nilimtaka muuzaji anipigie picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijisanduku vinavyoonyesha afya ya betri, na gari zima huwa navyo 12. Langu lilikuwa navyo vyote. Kwa hiyo niliposikia "limekufa" sikuamini, lakini njia nzima hadi Kurasini moyo ulikuwa unadunda.

Yadini nilikuta vijana wanne wamelizunguka. Lilikuwa jeupe, lina vumbi la safari ya bahari. Nilichomoa ule ufunguo mwembamba wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, nikafungua mlango wa dereva kwa mkono, nikavuta kamba ya boneti. Kijana mmoja akachungulia. "Dada, injini yake iko wapi?"

Nikawaonyesha betri ndogo nyeusi pembeni, ya volti 12, sawa na ya gari lolote. Kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga swichi zinazounganisha betri kubwa iliyoko chini ya sakafu. Ikiisha, betri kubwa inaweza kuwa na chaji tele na gari lisishtuke. Wiki kadhaa melini zinatosha kuimaliza. Kijana mwingine akawa ameshaanza kuvuta waya za kubusti kutoka kwenye lori lililokuwa jirani. Nikamzuia haraka, maana lori lina volti 24 na lingeunguza vitu ambavyo hapa mjini nisingejua nivitafute wapi. Tukasubiri kirikuu iliyokuwa inashusha matairi upande wa pili. Waya zikaungwa, nikaingia, nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe.

Sauti ndogo ya muziki ikalia. Mwanamke akasema kitu kwa Kijapani. Kwenye dashibodi ikajitokeza alama ya gari dogo la kijani lenye mshale chini yake, maana yake lipo tayari kuondoka. Chaji, asilimia 46.

"Haya washa, dada," akasema yule wa kwanza.

"Limeshawaka, mdogo wangu."

Akaweka kiganja juu ya boneti, akatulia, kisha akawaita wenzake nao waje waguse.

Nililiendesha mwenyewe kurudi nyumbani kwa Barabara ya Mandela siku karatasi zilipokamilika. Tazara, Buguruni, Tabata, foleni tupu. Waliozoea foleni ya Dar wanajua ile harufu ya kiyoyozi kinachovuta moshi wa daladala ya mbele, na mshale wa mafuta unaoshuka huku umesimama pale pale. Gari la umeme likisimama, limesimama. Kiyoyozi kinakula kidogo, lakini mota haizunguki. Ukiachia kanyagio, gari linajivuta lenyewe na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri, kwa hiyo foleni ya kusogea na kusimama, ambayo ndiyo inayoua magari ya petroli, hili linaimudu vizuri kuliko mwendo wa kasi. Pale Ubungo muuza maji alinigongea kioo kwa huruma: "Dada, gari limezima, nikusaidie kusukuma?" Nilimshukuru, nikanunua maji, nikaondoka.

Chaja nilikuwa nimeagiza Dubai kwa mtu anayeleta mizigo, kwa sababu waya unaotumika Japani ni wa volti 100 au 200 na plagi zake haziingii kwenye soketi zetu. Jioni ile nikaichomeka kwenye soketi ya sebuleni karibu na dirisha, nikatoa waya nje, nikaunga kwenye pua ya gari. Kisanduku cha chaja kikawaka taa nyekundu, kikakataa. Nikajaribu soketi ya jikoni. Nyekundu. Soketi ya chumbani kwa watoto. Nyekundu.

Baba watoto akasema tupige simu tuirudishe, ni mbovu. Mimi nilikuwa nimesoma maelekezo yake yote, na nilijua kuna kitu chaja ya gari huwa inakipima kabla ya kuruhusu umeme kupita: ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Nikampigia fundi umeme wetu.

Fundi alikuja kesho yake saa moja asubuhi, kabla sijaenda kazini. Hakugusa chaja. Alichukua balbu yenye nyaya mbili, waya mmoja akauweka kwenye laini, yaani tundu lenye umeme, mwingine kwenye ethi ya soketi. Balbu ilipaswa kuwaka kwa nguvu zote. Haikuwaka kabisa. Akatoka nje, akazunguka nyumba hadi nyuma ya ukuta wenye mita, akachutama, akaanza kukwangua plasta kwa bisibisi. Waya wa kijani na njano ulikuwepo. Ulitoka ukutani, ukashuka vizuri hadi usawa wa ardhi, na hapo ukaishia. Umekatwa. Chini yake hapakuwa na rodi yoyote. Aliyefanya wayaringi ya nyumba ile miaka ya nyuma aliuzika ule waya kwenye plasta ili uonekane umefika, akaondoka na hela yake.

Nilisimama pale na nguo za kazini nikakumbuka friji. Kwa miaka lilikuwa linatupiga shoti ndogo ukiligusa miguu ikiwa na maji. Tulikuwa tumezoea. Tuliwaambia watoto wavae kandambili kabla ya kufungua friji, kana kwamba hiyo ndiyo tabia ya friji. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka mitano. Hadi leo nikiandika haya mwili unanisisimka.

Fundi aligongelea rodi ya shaba ardhini siku hiyo hiyo, udongo ukiwa laini kwa mvua. Akatoa laini ya peke yake kutoka kwenye DB, kile kisanduku cha breka, waya wa milimita 4, breka yake, kikata umeme kinachohisi uvujaji, na soketi ya bluu ya ampea 16 ile ya viwandani, chini ya paa la baraza. Alinieleza kwamba gari linavuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo bila kupumzika, na soketi ya kawaida ya ukutani haikukusudiwa kazi hiyo. Itapata joto, itayeyuka. Alipochomeka balbu yake tena, iliwaka hadi ikaumiza macho. Kisha chaja. Kijani. Na friji halijatupiga shoti tena tangu siku ile. Wanaoniuliza faida ya gari la umeme huwa wanategemea nianze na petroli, na mimi huwa naanza na friji.

Petroli nayo ina hesabu yake. Lita moja Dar ilikuwa imevuka shilingi 3,200. LUKU ya elfu kumi ilinipa uniti 28, kwa sababu nyumba yetu haikuwa kwenye kundi la wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi ambao wanauziwa kwa bei nafuu. Anayeagiza gari la namna hii akiwa kwenye kundi hilo ajue atatoka, gari litamtoa mwezi wa kwanza tu. Hata hivyo, kujaza betri kutoka karibu na sifuri kulinigharimu kama elfu kumi na nne, na hiyo ilitosha kwenda Posta na kurudi wiki nzima ya kazi. Toyota IST niliyoiuza ilikuwa inakula hizo hela kwa siku moja na nusu ya foleni.

Mgao ndio ulionifundisha adabu ya kuchaji. Kwetu umeme ulikuwa ukikatika asubuhi unarudi jioni, siku nyingine unakatika jioni unarudi usiku wa manane. Nikajifunza kutosubiri betri ishuke. Umeme ukiwepo, chomeka, hata kama ni saa mbili tu. Chaja ikishaungwa, umeme ukirudi usiku inaendelea yenyewe, huna haja ya kuamka. Mimi niliamka hata hivyo, miezi ile ya mwanzo, kuangalia zile taa tatu za bluu juu ya dashibodi kama zinacheza.

Safari iliyowanyamazisha wote ilikuwa ya Krismasi kwa mama, Morogoro. Kutoka Kimara hadi Kihonda ni kama kilomita 175. Japani walilitangaza gari hili kwa kilomita 400 kwa kipimo chao cha wakati ule, lakini kipimo hicho ni cha upole mno, na betri yangu kwa programu ya LeafSpy ya kwenye simu ilikuwa imebaki na asilimia 88 ya uwezo wake. Mimi nilihesabu 230 kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa. Baba watoto alihesabu kwamba tutalala Chalinze.

Wiki moja kabla, mdogo wangu wa Morogoro alipeleka fundi kwa mama kupima ethi na kuweka soketi kama yangu. Tukaondoka alfajiri, chaji 100. Kibaha, Mlandizi, Ruvu. Barabara ile vijijini ni 50 na matrafiki wako na tochi, kwa hiyo mwendo wangu haukumchukiza mtu ila mabasi. Chalinze tulifika na asilimia 59. Tulinunua machungwa, hatukulala. Kuanzia hapo njia inapanda taratibu, wala huoni mlima, lakini kipimo kinaona. Mikese, 31. Watoto nyuma wakawa wanasoma namba kwa sauti kila inapobadilika, na baba yao akaacha kuongea kabisa. Milima ya Uluguru ikatokea mbele, ina mawingu. Msamvu, 21.

Mama alitupokea getini. "Shikamoo mama." "Marahaba, karibuni wanangu. Umeme hakuna tangu asubuhi, ila chakula kipo."

Baba watoto alinitazama. Nikaunga chaja kwenye soketi isiyo na umeme, nikaingia ndani kula. Tulikuwa tunakaa siku tatu, na 21 ilikuwa inatosha kabisa kuzunguka mjini. Umeme ulirudi saa nne usiku, na asubuhi gari lilikuwa na zaidi ya themanini. Nikampeleka mama kanisani. Alikaa mbele, mkoba mapajani, kimya hadi tulipovuka reli, kisha akaniuliza mbona nimezima gari tukiwa tunatembea. Nilipomweleza, akaomba turudi kwa njia ndefu.

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji uliingiza megawati 235 kwenye gridi. Mitambo ni 9, jumla megawati 2,115, na mimi nilikuwa nafuatilia kila mmoja unapowashwa kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga. Muda si mrefu mgao ukapungua, ukaisha mtaani kwetu. Nikaacha kuamka usiku.

Jirani wa nyumba ya tatu, dereva wa teksi za mtandaoni, alikuja na maelezo ya gari alilotaka kuagiza, mwaka, bei, kila kitu, akitaka nimwambie kama betri inafaa. Betri ilifaa. Nikampa kwanza namba ya fundi. Alipimiwa ethi Jumamosi ile, na waya wake nao uliishia kwenye plasta. Alipiga rodi kabla ya kutuma hela Japani, na nyumba mbili zaidi za mtaa huo zikamwita fundi huyo huyo, ingawa hazina hata baiskeli.